Taa Imezimwa Lakini Bado Inamulika? Pima Waya Kwanza

Dada mmoja wa Kondoa kaniandikia: "Fundi, nimefunga balbu za LED nyumba nzima. Usiku nikizima swichi zinabaki zinamulika kwa mbali. Nimeuziwa feki?" Nikacheka, halafu nikakumbuka kazi yangu ya Ilazo, hapa Dodoma, kicheko kikakata.

Ilikuwa wakati Serikali inahamia Dodoma. Nyumba zilikuwa zinainuka kila kona, na kila aliyeshika bisibisi aliitwa fundi. Mzee mmoja nilimtolea balbu zake za wati 60 nikamfungia LED za wati 9. Nilimpigia hesabu: balbu kumi, saa tano kila usiku, uniti 3 zinashuka chini ya nusu uniti. Akafurahi. Usiku huohuo akapiga simu kwamba taa zimezimwa na zinawaka. Asubuhi nikaitwa mwizi mbele ya wapangaji wake, mimi niliyesomea kazi hii! Bado inaniuma, sifichi.

Sikujibizana naye. Nilizima swichi, nikaweka testa, ile bisibisi ya kupimia umeme, kwenye holda: moto upo. Aliyesuka waya kabla yangu alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi, laini (waya wenye moto) akaipeleka moja kwa moja kwenye taa.

Mbona balbu za zamani hazikuonyesha? Kwa sababu ule uzi wa ndani hautoi mwanga mpaka upate umeme wa kutosha kuuchoma ukawa mwekundu. LED haichomi kitu. Ina vipande vidogo vya semikondakta. Elektroni zikivuka kutoka tabaka moja kwenda jingine zinatoa mwanga wa buluu, na unga wa njano uliopakwa juu unaufanya uonekane mweupe. Kwenye kitako kuna draiva inayoushusha umeme wa volti 230 na kuunyoosha uende upande mmoja tu. Sasa, umeme kidogo unaovuja kati ya waya na waya unatosha kuijaza kapasita ya draiva, yaani kile kidude kinachotunza umeme, na taa inamulika au inakonyeza. Balbu yangu ilikuwa inasema ukweli!

Nikahamishia laini kwenye swichi. Zikazima kabisa. Mzee hakuniomba radhi, ila nyumba yake ya Nzuguni nimeisuka mimi, kuanzia mita hadi bafuni.

Kwa hiyo dada yangu, tazama swichi zako kwanza. Zikiwa na kale kataa kekundu ka kuonea gizani, nako hupitisha umeme kidogo, huenda sababu ni hako tu. Kama hazina, huenda laini haipiti kwenye swichi, na hapo kuna hatari: usipande kwenye stuli kubadilisha balbu kwa kuamini swichi, zima meni swichi. Nanyi vijana mnaotaka jina kwenye kazi hii, pimeni! Pimeni kabla ya kufungua mdomo. Pia acheni kufungia LED ndani ya vikombe vya taa visivyopitisha hewa, joto linaua draiva mapema, halafu mteja anarudi kwenu na maneno.

Dada, mwite fundi. Akisema balbu ni feki kabla hajatoa testa mfukoni, mpe nauli aende zake.