Msimfungie chumbani: kosa nililofanya kaka yangu alipotaka kuacha pombe

Ufunguo wa kufuli nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga. Ndani ya chumba cha uani alikuwemo kaka yangu mkubwa, na mwenyewe ndiye aliyeomba afungiwe. Alikuja Ijumaa jioni nyumbani kwetu Isevya, hapa Tabora mjini, akitokea Urambo anakolima tumbaku, akasema mbele ya mama: "Mdogo wangu, nifungieni. Nikitoka tu, miguu yenyewe itanipeleka kilabuni. Mkinikalisha ndani wiki moja nitakuwa nimeacha." Mama alilia kwa furaha. Mimi nikaenda dukani kununua kufuli.

Siku ya tatu tulikaribia kumzika.

Naandika haya kwa sababu najua ziko nyumba nyingi ambako kufuli kama lile linanunuliwa kwa nia njema kabisa. Wengine wanampeleka mlevi wao kijijini, kwa babu, ambako hakuna kilabu karibu. Wengine wanampeleka kwenye maombi ya siku tatu bila kula. Nia ni moja, na hatari ni moja.

Kaka alikuwa na miaka kumi na moja ya kunywa kila siku. Anayeijua tumbaku anajua inavyoanza. Unahangaika mwaka mzima, kitalu, kupanda, kukausha kwenye bani, halafu malipo yanakuja kwa mkupuo. Wiki ile ya malipo mtu mzima anageuka bwana harusi. Kwa kaka ilikuwa bia. Pesa ilipopungua akashuka kwenye wanzuki, pombe yetu ya asali, ambayo nyumbani tuliichukulia kama kinywaji cha wazee tu. Kisha viroba, ile pombe kali ya vipakiti, maana vilikaa mfukoni. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017 tulishangilia, tukadhani kaka amepona kwa amri. Akahamia gongo. (Wageni hucheka wakisikia tuna kata inaitwa Gongoni. Ni jina tu, msituonee.)

Miaka miwili ya mwisho hakuweza kushika kikombe cha chai asubuhi. Mikono ilitetemeka hadi chai inamwagika mezani, mpaka apate toti mbili za kutoa loku, yaani kuondoa uchovu wa pombe ya jana, ndipo inatulia. Sisi tuliona ni uchu. Wifi yangu alikuwa akimwambia, "Hata aibu huna, jua halijatoka." Hakuna aliyejua kwamba mikono ile ndiyo ilikuwa inatupa habari yote.

Jumamosi asubuhi, bila toti, alitetemeka kuliko siku zote. Akatoa jasho hadi shuka likalowa, akatapika hata maji. Nilimpitishia uji dirishani. Nilijisemea, pombe inatoka hiyo, mwache ateseke. Usiku hakulala, nilimsikia akitembea ukutani hadi ukutani. Jumapili alfajiri ikasikika kama gunia limeangushwa. Nilihangaika na lile fundo la kanga mpaka nikalikata kwa meno.

Alikuwa chini, mwili umekakamaa, halafu ukaanza kurukaruka, povu mdomoni. Shemeji mmoja akakimbilia kijiko amkingie meno. Hilo nalo msifanye. Mtavunja meno au kumziba pumzi. Mtu akishikwa na mtukutiko ondoeni vitu vya kumuumiza, msimkandamize, na ukipungua mlazeni ubavu mate yatoke.

Tulimpakia kwenye bajaji hadi hospitali. Pale mapokezi tukafanya kosa la pili, na hili linaniuma kuliko la kufuli. Muuguzi aliuliza anaumwa nini. Mama akanitazama, mimi nikamtazama mama. Watu walikuwa wamejaa kwenye mabenchi, wengine tunasali nao. Nikasema, "Malaria imempanda kichwani." Akapelekwa kupimwa malaria. Tulikaa tukingoja majibu huku mtu wetu anatikisika, mpaka wifi alipofika kutoka Urambo na kupayuka mbele ya wote: "Huyu ni gongo! Kila siku, miaka kumi na moja, na mara ya mwisho ni Ijumaa!" Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Akachomwa sindano ya kutuliza, akachomwa vitamini B1, ndipo dripu ikafuata.

Muuguzi, mama wa makamo, alinivuta pembeni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mngekuja naye siku ile ile, akiwa bado anatembea kwa miguu yake."

Vijana wanaotumia unga wana neno lao, arosto: yale mateso ya mwili ukikosa ulichouzoesha. Nilidhani arosto ni ya heroini peke yake. Nilichoelezwa pale wodini kilinigeuza kichwa. Arosto ya heroini ni mateso makubwa, mtu anatamani kufa, lakini mara chache inaua yenyewe. Arosto ya pombe, inayouzwa wazi kwenye kila kona, ndiyo inayoweza kuua.

Sababu yake nitaieleza nilivyoelewa mimi, mwanamke wa duka la vitenge. Pombe inautuliza ubongo. Ubongo nao haukubali kulazwa kila siku, kwa hiyo unajiongezea nguvu upande wa pili ili ubaki macho. Ni kama watu wawili wanaovutana kamba miaka na miaka, kila mmoja anazidi kukaza. Sasa mmoja aachie ghafla. Yule mwingine anaruka kinyumenyume na kamba yake. Ndiyo kutetemeka, ndiyo moyo kwenda mbio, ndiyo mtukutiko. Dalili za kwanza huanza saa chache tu baada ya glasi ya mwisho. Mitukutiko huja zaidi ndani ya siku mbili za kwanza. Na kuanzia siku ya pili hadi ya nne inaweza kuja ile mbaya kuliko zote, mtu anachanganyikiwa, joto linapanda, anaona visivyokuwepo.

Kwa kaka ilikuja Jumatatu usiku, tukiwa tayari wodini, namshukuru Mungu. Aliona siafu wanapanda ukuta, akawa anawapangusa kwenye shuka. Akazungumza na baba, aliyefariki 2009, wakabishana kuhusu ng'ombe. Shangazi akasema haya sasa si ya hospitali, ni mambo ya watu, tumtoe tumpeleke kwa mtaalamu. Nilikuwa karibu kukubali, sitadanganya. Kilichonizuia ni kwamba daktari alikuwa ametutabiria jambo hilo asubuhi yake: ataona wadudu, msiogope, na msimtoe. Siku ya tano aliamka, akauliza kama tumemletea matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha.

Sasa ushauri, na kwanza si kila mnywaji yuko kwenye hatari hii. Anayekunywa bia zake mwisho wa wiki anaweza kuacha leo na asione chochote zaidi ya kuboreka. Ninayemsema mimi ni yule anayekunywa kila siku au karibu kila siku, anayehitaji toti ya asubuhi ili atulie, anayetetemeka au kutoa jasho akichelewa kuipata, au aliyewahi kupatwa na mtukutiko alipojaribu kuacha. Huyo asikate ghafla nyumbani. Apelekwe kwanza, ndipo aache. Kwa sisi wa mjini ipo Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Walioko mbali, Sikonge au Kaliua ndani ndani, waanzie kituo cha afya kilicho karibu waulize. Na kama safari ni ya siku mbili tatu, ni afadhali aendelee kwa kipimo kinachopungua kidogo kidogo hadi mfike, kuliko kumpakia kwenye basi akiwa mkavu. Najua inasikika vibaya. Mama alikasirika nilipomwambia.

Mapokezi semeni ukweli: anakunywa nini, kiasi gani, kwa muda gani, na mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Aibu ya dakika mbili. Wale waliokuwa kwenye benchi siku ile, wawili walinifuata baadaye kunong'ona kuhusu waume zao.

Ile dawa ya kutuliza msikimbilie kuinunua wenyewe dukani. Inaitwa diazepamu, wengi wanaijua kama valiamu, na ikikutana na pombe tumboni inaweza kuzima pumzi za mtu usingizini. Daktari anaipima, anaipunguza kila siku, kisha anaiondoa. Nayo ina uraibu wake.

Ile B1 nayo si urembo. Mlevi wa gongo hali chakula. Pombe inamshibisha, na hata kidogo anachokula utumbo haukifyonzi sawasawa. Vitamini hiyo ikiisha ubongo unaharibika, kumbukumbu zinapotea moja kwa moja. Ndiyo maana walimchoma kabla ya dripu ya sukari, kwa sababu mwili unaitumia vitamini hiyo hiyo kuichoma sukari. Nyumbani tuliendelea na vidonge, maharage, na uji wa karanga kila asubuhi. Karanga hapa kwetu hazikosekani.

Baada ya wiki tatu alipigwa picha ya ini. Lilikuwa limevimba, limejaa mafuta. Daktari akasema tumewahi: ini la mafuta hurudi likiachwa lipumzike. Likishafika hatua ya makovu, ile sirosisi, halirudi lilivyokuwa. Ndipo unamwona mtu tumbo limejaa maji, macho ya njano, siku moja anatapika damu. Kaka aliangaliwa pia suala la Panadol, maana alikuwa akizimeza kama karanga kwa ajili ya kichwa cha asubuhi, na ini lililochoshwa na pombe haliwezi mzigo huo. Presha yake, iliyokuwa juu tangu anafika, ilishuka ndani ya mwezi.

Kuhusu gongo niseme moja tu. Watu huiwasha kwa kiberiti, ikiwaka wanasema ni safi. Methanoli, ile inayopofusha macho na kuua, nayo inawaka. Moto haukuambii lolote.

Msidhani alitoka wodini akawa mtakatifu. Mwezi wa tatu kulikuwa na msiba Urambo, akanywa siku mbili. Wifi alinipigia simu usiku akiuliza kama anunue kufuli. Tulirudi naye hospitali, safari hii akitembea, akakaa siku chache tu. Kilichomsaidia zaidi baadaye kilikuwa kitu kidogo: malipo ya tumbaku yakitoka, anakwenda benki na mkewe, na siku hiyo hiyo wanalipa ada na deni la mbolea kabla hawajapita mtaa wowote wenye kilabu. Yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza. Marafiki wa zamani wanamcheka kwamba anaongozwa na mwanamke. Anawajibu kwamba miaka kumi na moja aliongozwa na chupa na hawakucheka.

Sasa ana mwaka na miezi minne. Amenenepa, analala usiku kucha, mikono imetulia kiasi kwamba ndiye anayetumiminia chai nikienda kuwatembelea. Miguu ndiyo haijarudi. Pombe na ukosefu wa ile vitamini vilikula mishipa ya fahamu, kwanza ikawa moto nyayoni usiku, sasa ni ganzi kwenye vidole. Juzi alitoka shambani hadi nyumbani, mwendo wa nusu saa, na mwanawe wa kike akamwuliza, "Baba, kandambili nyingine iko wapi?" Akatazama chini. Mguu mmoja ulikuwa peku, una damu, na hakujua ilivukia wapi.