Fundi Babu Anajibu: Morris inalia ikifika themanini

SWALI: Shikamoo Babu. Marehemu babu yangu ameniachia Morris Minor ya 1959, na injini yake ni ile ile ya cc 948 iliyotoka nayo kiwandani. Hapa mjini hainisumbui, ila nikielekea Bagamoyo, ikigusa kilomita 80 kwa saa inalia kama cherehani mpaka mke wangu anaziba masikio. Shemeji yangu aliyeko Uingereza amepata difu, yaani lile bonge la gia la ekseli ya nyuma, ya MG Midget (kigari cha michezo cha Kiingereza), ya namba 3.9, na anasema inaingia bila kukata chuma. Nimwambie ailete? Desemba nataka kwenda nayo Iringa.
Mjukuu, Tabata Segerea

JIBU: Marahaba mjukuu, na pole kwa msiba. Shemeji yako hajakudanganya. Minor na Midget zina ekseli za ukoo mmoja, na difu yake hutoka nzima kwa mbele. Unachomoa hafshafti mbili, zile fimbo za kuzungusha tairi, unafungua propela, ile shafti ndefu inayotoka giaboksi, unalegeza nati zinazoizunguka, unaivuta. Mtafute kijana wa kukupokea, maana ni nzito na huwa inatoka ghafla. Kwa hiyo kuingia itaingia. Kazi iko Iringa.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo namba. Difu ya 4.55 maana yake propela inazunguka mara nne na nusu na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Minor za cc 948 kama yako zilitoka na hiyo. Zile za cc 1098, zilizoanza 1962, zilipewa 4.22. Namba ikipungua, injini inapumzika zaidi kwa mwendo ule ule.

Chukua chaki, chora mstari kwenye tairi la nyuma na sakafuni, sukuma gari mpaka mstari urudi chini, kisha pima kwa futi. Tairi zako zitakupa kama mita 1.85. Ukienda kilomita 80 kwa saa, tairi linazunguka kama mara 720 kwa dakika. Zidisha kwa namba ya difu: kwa 4.55 injini inapiga mizunguko 3,280 hivi, kwa 4.22 inapiga 3,040, kwa 3.9 inashuka hadi 2,810. Hapo ndipo watu wote wanaipenda 3.9. Lakini hakuna cha bure: kutoka 4.55 kwenda 3.9, nguvu inayofika kwenye tairi inapungua kama asilimia 14 kwa kila gia, ya kwanza mpaka ya nne. Injini yako ina nguvu za farasi 37 tu. Ile ya 1098 ina 48, na ndiyo inayoweza kuivuta 3.9 bila kununa.

Nayasema haya kwa sababu yalinikuta. Nikiwa kijana mwenye kiburi nilifunga difu ya 3.7 kwenye Minor yangu, ya cc 948 kama yako. Chalinze nilifika naimba. Morogoro bado naimba. Kitonga, ule mlima wa njia ya Iringa, nikanyamaza. Gia ya tatu ikashindwa, ya pili ikaanza kutetemeka, nikataka ya kwanza. Sasa gia ya kwanza ya Minor haina sinkro, ile ya kulainisha gia iingie gari ikiwa inatembea, na mimi kupiga klachi mara mbili nilikuwa najua kwa maneno tu. Ikabidi nisimame kabisa katikati ya mlima, lori la mafuta likipiga honi mgongoni, na kuondoka tena nikaondoka kwa kuichoma klachi. Harufu ile ilikaa ndani ya gari mpaka nikarudi Dar. Wala usingoje Kitonga: foleni ya Kimara jioni, kupanda hatua kwa hatua, itakuonyesha hayo hayo.

Mimi ningekufungia 4.22. Mlio utapungua, si kwa kiasi cha kujisifu kijiweni, lakini safari ya Bagamoyo utaiona tofauti, na mlimani gari itabaki na pumzi. Na hapa shemeji awe makini, kwani Midget za mwanzo nazo zilikuwa na 4.22, hiyo 3.9 ilikuja mwishoni mwa miaka ya 1960. Asinunue kwa jina la gari. Ahesabu meno ya gia mbili za ndani ya difu, krauni kubwa na pinyoni ndogo: 38 kwa 9 ni 4.22, na 39 kwa 10 ni 3.9.

Hata ya kwako ihakiki, maana gari ya miaka zaidi ya 60 imepita mikono mingi. Weka gia huru, zuia tairi za mbele kwa mawe, achia handibreki, piga jeki tairi moja tu la nyuma. Lizungushe mara 20 huku mtu akihesabu propela. Kwa kuwa tairi la pili limekanyaga chini, 20 zako zinahesabiwa 10. Propela ikizunguka mara 45 na nusu, ni 4.55. Ikizunguka 42 na kidogo, basi babu yako alishakutangulia, na tatizo lako ni jingine.

Fundi yeyote wa Gerezani akikwambia chukua krauni ya huku na pinyoni ya kule, mwage. Hivyo viwili vimesagwa pamoja kiwandani na vina namba moja. Ukivichanganya vitavuma mpaka siku utakapoiuza gari.

Breki zako ni ngoma za inchi 7. Za 1098 mbele waliziongeza zikawa inchi 8, na hawakufanya vile kwa urembo. Usiutumie utulivu mpya kutafuta mia.

Halafu kuna spidomita. Inasoma kutoka giaboksi, haijui kwamba difu imebadilika. Ukifunga 4.22, mshale ukionyesha 50 wewe uko 54, na trafiki mwenye tochi pale Mlandizi hataki kusikia habari za meno 38. Bandika utepe mwekundu kwenye kioo, kwenye 46, maana hapo wewe uko karibu 50, na vijijini usiupite.