Pua Imetanuka, Mashavu Yana Madoa

SWALI: Nina mimba ya miezi 6, nayo ni ya kwanza. Mashavuni na kwenye paji la uso yamejitokeza madoa meusi, na pua imetanuka hata nikitazama picha za harusi yangu ya mwaka jana najiona mtu mwingine. Mama mkwe anasema hiyo ni dalili ya mtoto wa kiume. Jirani yangu anauza krimu ambayo, kwa maneno yake, huondoa madoa kwa wiki 2. Je, niitumie?
Msomaji, Tanga

JIBU: Usiipake, dada. Krimu zinazoahidi kung'arisha ngozi kwa siku chache mara nyingi huwa na kemikali kali kama haidrokwinoni (ya kufifisha rangi ya ngozi), steroidi au zebaki, hata kama kopo halikuandikwa lolote, na zebaki hupenya kondo la nyuma ikamfikia mtoto tumboni. Mikorogo ya aina hiyo imepigwa marufuku Tanzania, ila unajua mwenyewe inavyopatikana sokoni.

Madoa yenyewe yanatokana na homoni za ujauzito, ambazo huzichochea seli za ngozi kutengeneza rangi kwa wingi; ndiyo sababu hata chuchu na mstari unaopita kitovuni huzidi weusi. Jua huyakoleza, na jua la Tanga si la mchezo, hivyo mtandio, mwavuli na losheni ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi vitakufaa kuliko krimu ya jirani. Kwa wanawake wengi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua. Yakikaidi, muone daktari wa ngozi.

Pua nayo haijaota mfupa mpya. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu ya kiwango cha kawaida, mwili hushika maji zaidi, na nyama laini za pua huvimba, hata wengine wakahisi pua imeziba ilhali hawana mafua. Damu hiyohiyo ndiyo huwapa baadhi yao ule mng'ao unaosifiwa na watu.

Kwa heshima zote kwa mama mkwe, uso hauonyeshi jinsia ya mtoto. Anayebashiri hupatia mara moja kati ya mbili hata akifumba macho.

Lipo jambo ambalo hukuliuliza. Uso ukivimba ghafla, hasa kuzunguka macho, tena ukaumwa sana kichwa, ukaona maruweruwe au ukahisi maumivu chini ya chembe ya moyo, usingoje tarehe ya kliniki: nenda hospitali siku hiyohiyo upimwe shinikizo la damu na mkojo, kwa kuwa hizo zinaweza kuwa dalili za kukaribia kifafa cha mimba.