Mumeo amepimwa nini?

Dada, pole. Nimesoma maelezo yako nikarudia. Miaka miwili na nusu mnatafuta mtoto, umepigwa picha ya mirija, umepimwa homoni mara tatu, umemeza vidonge vya kupevusha mayai miezi minane, na sasa umeambiwa ujiandae kwa upandikizaji (IVF), yaani mayai yako yatolewe, yarutubishwe na mbegu maabara, kisha kiinitete, yai lililorutubika na kuanza kukua, kirudishwe tumboni. Unauliza sisi tuliopita huko tulivumilia vipi, na mumeo aje au asije siku ya kutolewa mayai. Nitayajibu yote mawili, ila kuna jambo sikuliona popote ulipoandika: mumeo mwenyewe amepimwa nini?

Nauliza kwa sababu mimi nilipoteza miaka mitatu hapo hapo. Kila miadi nililala mimi, nikachomwa mimi, nikaandikiwa dawa mimi. Mume wangu alinisindikiza kila mara, akakaa kwenye benchi la nje na mkoba wangu mapajani, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetoka kumwambia "na wewe ingia". Siku tuliyobadilisha daktari, yule mpya alifungua faili, akapekua hadi mwisho, akauliza, "Majibu ya baba yako wapi?" Tukatazamana.

Kipimo chenyewe hakina hata sindano. Anakaa bila tendo siku mbili hadi saba, anatoa mbegu kwenye kikopo, basi. Majibu yake yalionyesha mbegu chache mno, na zinazoogelea vizuri zilikuwa chache zaidi. Alipochunguzwa akakutwa na mishipa iliyovimba kwenye korodani. Na huyu ni mwanamume asiye na tatizo lolote kitandani, ndiyo maana hakuna aliyemshuku, hata yeye mwenyewe. Nguvu za kiume ni habari moja, wingi wa mbegu ni habari nyingine kabisa. Kama majibu ya mumeo yatakuwa mabaya, arudie kipimo kabla hamjaamua lolote. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa na kukomaa, kwa hiyo homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuyaharibu majibu ya leo.

Shirika la Afya Duniani linalihesabu tatizo hili kuwa ugonjwa wa mfumo wa uzazi wa mwanamume au wa mwanamke, pale mimba inapokosekana baada ya miezi 12 au zaidi ya kujaribu bila kinga. Linasema pia kwamba mtu 1 kati ya 6 hupitia hali hii maishani. Mimi hesabu hiyo haikunifariji hata kidogo, nakupa ili umwonyeshe mumeo akisita.

Sasa upandikizaji. Sindano nilijichoma mwenyewe siku 11, saa mbili usiku. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikafinya nyama ya tumbo chini ya kitovu kwa vidole viwili, kulia leo, kushoto kesho. Usiku wa kwanza nilishika ile sindano dakika ishirini nzima. Usiku wa nne nilikuwa nachoma huku naongea na simu. Kitu kimoja usikifanyie mzaha ni sindano ya mwisho, ile ya kukomaza mayai. Ukiambiwa saa nne na nusu usiku, ni saa nne na nusu, maana mayai hutolewa kama saa 36 baadaye na yote yamepangwa kwa kuhesabu toka hapo.

Kilichonivunja ni hesabu, na hakuna aliyeniandaa. Yalitolewa mayai 14, nikafurahi kama nimeshajifungua. Yaliyokomaa yalikuwa 10. Kwa kuwa mbegu za mume wangu zilikuwa dhaifu, kila yai lilidungwa mbegu moja kwa sindano ndogo mno maabara, yakarutubika 7. Siku ya tano tukapigiwa simu: viinitete viwili. Niliona kama wamenipotezea vingine. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba kushuka hivyo ni kawaida, hata kwa wale wanaofanikiwa.

Halafu, baada ya kutolewa mayai, tumbo likijaa haraka, uzito ukipanda ndani ya siku moja, mkojo ukipungua au pumzi ikikata, piga simu saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Ovari zilizochochewa kupita kiasi ni hatari kweli.

Zile siku za kungoja jibu, kiinitete kikishawekwa tumboni, usijipime nyumbani. Mimi nilijipima mapema nikaona mistari miwili. Nikamwamsha mume wangu, tukakaa chini bafuni tunacheka kama wehu. Kumbe ile sindano ya kukomaza mayai ina homoni ile ile ambayo kipimo cha mimba hutafuta, na ilikuwa bado haijanitoka mwilini. Kesho yake mstari ulififia, keshokutwa haukuwepo, na kipimo cha damu kikathibitisha. Matiti kuuma na kichefuchefu pia usiviamini. Dawa za homoni unazotumia siku hizo huvileta.

Kuvumilia? Sikuwa na siri kubwa. Tulikubaliana kabla ya kuanza kwamba tutajaribu mara mbili, tukaandika na tarehe, kwa sababu ukiwa ndani ya maumivu huwezi kuamua kuacha. Mama mkwe alijibiwa na mwanawe, sentensi moja tu: "Mama, tatizo liko kwangu." Hakuuliza tena. Sherehe za watoto niliacha kwenda, na sikuomba radhi. Mume wangu naye alinyamaza wiki nzima, kila jioni anaosha gari lisilo na vumbi. Nilidhani hajali, mpaka nilipomfuata kule nje nikamkuta amesimama tu, mpira wa maji unamwagika miguuni.

Kiinitete cha pili, kilichogandishwa, kilishika. Najua jibu hili linavyochoma ukiwa bado upande wa pili, kwa hiyo naliacha hapo.

Kuhusu siku ya kutolewa mayai: aje. Utapewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, hutaruhusiwa kuendesha gari kurudi nyumbani. Na mbegu zake zinatakiwa siku hiyo hiyo. Ila uliza mapema kama anaweza kugandisha nyingine za akiba, kwa sababu wangu, asubuhi ile, na muuguzi akigonga mlango kuuliza kama amemaliza, alikaa humo saa nzima na kikopo kitupu.