Kupewa usimamizi wa gengi la reli: soma barua kabla hujasaini

Mkuu, umesema uko gengi la njia, yaani kikosi cha kukarabati njia ya treni, Reli ya Kati, umepewa barua ya usimamizi, nyongeza ni ndogo na wenzako wanakwambia ukatae. Nafasi hiyo nimeishika, kipande cha Kilosa hadi Gulwe, kwa hiyo nachangia ninachokijua.

Hela kwanza. Mtu wa gengi anaishi kwa ovataimu, hasa masika, mto Mkondoa ukifurika na kubeba tuta. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Ila vifungu hivyo vya saa za kazi havimhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Msimamizi wa gengi kwa kawaida anaripoti kwa inspekta wa njia, kwa hiyo ovataimu yako ilitakiwa ibaki. Lakini nimeshuhudia mwajiri akiifuta kwa kisingizio cha "wewe sasa bosi". Dai iandikwe kwenye barua. Wakigoma, chukua slipu zako za masika iliyopita ujumlishe. Unaweza kukuta umepandishwa cheo, umeshushwa mshahara.

Kazi yenyewe sasa. Mmetoa taruma bovu (lile gogo linalolala chini ya reli), mmeweka jipya, kokoto zimeshindiliwa. Treni ya abiria imesimama stesheni ya Kidete, kontrola anayeongoza treni yuko kwenye redio kila mara: "Tayari?" Wewe ndiye unayepita na geji kupima kama upana kati ya reli mbili bado ni milimita 1,000, unagonga boliti za maungio moja moja kwa nyundo, maana iliyolegea hutoa sauti butu. Ukijibu tayari, jina lako linaandikwa. Na saa nane mchana reli ikiwa imetanuka kwa joto, pale mlipofumua kokoto inaweza kupinda, kwa hiyo unaweka kizuizi cha mwendo, treni ipite polepole, kisha unasubiri simu ya kuulizwa kwa nini unachelewesha treni. Kama unaona haya kumwambia mkubwa "bado", nafasi hii itakutesa kuliko mtaimbo.

Watu uliokuwa unakula nao sufuria moja utaanza kuwaandikia utoro. Watanuna, watazoea. Mimi jambo moja sikulijadili na mtu: anayeshika bendera nyekundu akija amelewa, haingii njiani siku hiyo, hata awe shemeji yangu.

Vifaa usipokee kwa mdomo. Jeki, nyundo, vipande vya reli chakavu, hesabu mbele ya unayempokea na asaini. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawalali, na stoo ikipungua atakayeulizwa ni wewe.

Hao wanaosema reli ya zamani inakufa kwa sababu SGR, reli mpya ya kisasa, inabeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, waulize mizigo ya Tabora na Kigoma inapita wapi. Tena ukitaka kuhamia SGR baadaye, kuwa umesimamia watu na kuandika ripoti kutakusaidia kuliko miaka ya kupiga kokoto tu.

Mimi ningekubali, kwa sharti la ovataimu. Kipige picha kipengele cha saa za kazi ukiweke hapa, wanasheria wapo. Funika jina lako na la mwajiri kwanza, humu wakubwa nao wanasoma.