Jibu: Ask na Embla waliumbwa na miungu gani hasa?

Habari ndugu. Umeuliza nani aliwaumba Ask na Embla, watu wa kwanza katika hadithi za kale za Skandinavia, ukatuonyesha na andiko lako. Umekwama kwa sababu maandishi mawili yanakupa miungu tofauti: moja linasema Odin, Hœnir na Lóðurr, jingine linasema Odin, Vili na Vé. Hujakosea kusoma. Hata mimi nilizunguka hapo siku nzima.

Kwanza angalia unasoma nini. Majina ya Hœnir na Lóðurr yanatoka kwenye Völuspá, shairi la kale la Skandinavia. Humo Ask na Embla wanakutwa nchi kavu, hawana nguvu wala majaliwa. Odin anawapa pumzi, Hœnir akili, Lóðurr uhai wa mwili na rangi njema. Simulizi la pili ni la Snorri Sturluson wa Iceland, karne ya 13. Yeye anataja wana wa Borr, yaani Odin, Vili na Vé, wakitembea ufukweni, wakakuta magogo mawili, wakayafanya watu, wakawapa mavazi na majina. Usiyachanganye, kila moja litaje kwa chanzo chake.

Ask ni jina la mti mgumu wa Ulaya uliotumika kwa mipini ya mikuki. Embla ndiyo kitendawili: wengine husema ni mti mwingine, wengine mmea utambaao. Usiandike kana kwamba limeshaamuliwa.

Halafu, Líf na Lífþrasir uliowaweka mwanzoni mwa andiko lako waondoe. Hao ndio watu wawili wanaosalia baada ya Ragnarök, yaani maangamizi ya dunia na miungu, wakijificha msituni na kunywa umande. Ni mwisho wa hadithi, si mwanzo.