Maji unachemsha na mtoto bado anaharisha? Tazama uani

Dada uliyeuliza kwa nini mwanao wa miezi kumi kila mara anaharisha ilhali maji unayachemsha, pole sana. Mimi nimelea wanangu Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya kupanga, uani familia kadhaa na choo kimoja, kwa hiyo hali yako naielewa.

Kuchemsha endelea. Ila yafuatilie hayo maji yakishapoa. Kwetu ndoo ilikuwa safi, ina kifuniko, na juu yake kopo. Mtoto katoka kucheza mchangani, anachota, vidole vyote vimezama. Kopo likianguka sakafuni linaokotwa na kurudishwa palepale. Ndoo ya koki ndiyo iliyotuokoa. Kama hela haijapatikana, tumia kata ya mpini mrefu na uitundike ukutani.

Lakini linaloniuma zaidi ni mavi ya watoto. Watu wanasema ya mtoto hayana neno. Yana vijidudu kama ya mkubwa, hata mtoto akiwa ananyonya tu! Uani kwetu nepi zilifuliwa karoni, maji yakamwagwa hapohapo watoto wanapotambaa, kisha beseni lilelile likaoshewa mchicha. Nikatenga beseni la nepi, maji yake yakawa yanaishia chooni, na sishiki chakula mpaka ninawe kwa sabuni. Tukafunga na kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni mwa choo: kidumu, kamba na kijiti cha kukanyagia. Sabuni ilikuwa inapotea, tukaitoboa tukaifunga kamba, maneno yakaisha.

Uji wa asubuhi usimpe jioni, kwa joto letu hili la pwani unaharibika upesi. Chupa ya chuchu achana nayo, kikombe na kijiko vinaosheka vizuri.

Na ukiambiwa anaota meno, usikubali. Meno hayaharishi mtoto. Ni kwamba umri huo ndio anatambaa na kila anachookota kinaingia mdomoni.

Akiharisha usimnyime ziwa, maji wala chakula eti tumbo likauke. Pakiti ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, ya lita moja ikoroge kwenye lita moja ya maji safi, na kila akiharisha mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, mililita 50 hadi 100. Ikipita saa 24 mwaga, koroga nyingine. Vidonge vya zinki, vya kusaidia kuharisha kupungue, kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na umalizie hata kama kuharisha kumekoma. Angalia pia kwenye kadi ya kliniki kama alipata chanjo ya rota, kirusi kinachoharisha watoto, ipo nchini tangu 2013.

Ukiona macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, choo kina damu, anatapika kila kitu au hawezi kunyonya, usingoje kukuche. Chukua bajaji usiku huohuo mpaka hospitali ya Bombo, na njiani endelea kumpa ORS kama anaweza kumeza.